Stika Mbili Juu ya Kitambaa Kimoja

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: matumizi ya stika ya bima isiyo ya gari husika
Jina: limeandikwa kwenye fomu ya mbele. Kazini na mtaani anaitwa Fundi Kioo.
Umri: miaka 46
Kazi: fundi wa vioo vya magari
Makazi: nyumba ya tatu nyuma ya karakana yake, barabara ya kituo cha mafuta
Uhusiano na mshtakiwa: shemeji. Mshtakiwa amemuoa dada yake mkubwa.
Maelezo yameanza kuandikwa: tarehe 5 mwezi wa tatu mwaka huu, saa nne na dakika kumi asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu ninatoa maelezo haya kwa hiari yangu. Sikuitwa. Nimekuja kwa miguu kutoka karakana, na nimeifunga kabisa kabla ya kuja, maana sikujua nitarudi saa ngapi. Afisa amenionya niseme ninayoyajua mwenyewe, nisilete ya kusikia. Nimemjibu kwamba katika jambo hili ya kusikia siyahitaji, yangu mwenyewe yananitosha.

Nimefanya kazi ya vioo kwa miaka ishirini na miwili. Mteja akiwekewa kioo kipya cha mbele hutaka mambo mawili: mvua isiingie, na askari wa barabarani asimsimamishe. Stika ya bima hubandikwa kwenye kioo, kwa hiyo kioo cha zamani kikitupwa, stika nayo inakwenda nacho. Kuomba nyingine ni safari ndefu. Ndiyo maana mimi huibandua ile ya zamani. Huweka kitambaa cha maji ya uvuguvugu juu yake kwa robo saa, napitisha wembe chini yake taratibu, naikausha, kisha naibandika kwenye kioo kipya. Mafundi wengine hawajisumbui. Mimi nilisifiwa kwa hilo mtaa mzima, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mnamo tarehe 9 mwezi wa pili mwaka juzi, barabara ya sokoni ilikuwa inamwagwa kokoto na magari mengi yalipigwa mawe. Saa mbili na nusu asubuhi shemeji alileta gari lake, jeupe, la viti vinane, analobebea watoto wa shule. Saa tatu kasoro dakika tano alifika mama mwenye duka la dawa, ambaye sote tunamwita Mama Dawa, na gari lake. Aina ileile, rangi ileile, na ufa karibu mahali palepale. Shemeji akanitania, "Shemeji, jioni usije ukanipa la mwenzangu." Nikamwambia lake nalijua kwa makombo ya biskuti kwenye viti. Wakacheka wote wawili, wakaenda zao.

Siku hiyo nilikuwa peke yangu karakana, kwa hiyo sina wa kumsingizia.

Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimebandua stika zote mbili. Zilitoka kampuni moja, kwa wakala mmoja, katika wiki moja ya mwezi wa kwanza. Namba ya stika hupigwa chapa na kampuni na haitoki hata ukiilowesha. Namba ya gari wakala huiandika kwa mkono, na wakala yule alitumia kalamu ya wino unaoyeyuka. Maji yangu yaliipausha mpaka ikabaki kivuli. Nikazilaza stika hizo kifudifudi juu ya kitambaa kimoja, ya shemeji kushoto, ya Mama Dawa kulia. Baadaye jua lilihama, nikakivuta kitambaa kulifuata, na katika kukivuta nilikizungusha. Kushoto kukawa kulia.

Saa nane mchana nilibandika moja kwenye kila gari. Kisha nikaangalia bamba la kila gari, nikaandika namba yake juu ya stika kwa kalamu yangu nyeusi ya kuwekea alama kwenye vioo, nikiipitisha juu ya kile kivuli bila kukisoma. Herufi kubwa, zimenyooka. Nina mwandiko mzuri, shuleni ndicho kitu pekee nilichopongezwa. Saa kumi jioni magari yote mawili yaliondoka, na wenyewe walinishukuru.

Afisa ameniuliza kama nilijua kwamba ni kosa kuandika juu ya stika ya bima. Najibu: nilijua haifai, ila sikujua ni kosa. Tofauti yake naijua leo.

Afisa ameniuliza kama niliandika namba za stika mahali popote kabla ya kuzibandua. Najibu: hapana. Nilijiamini.

Mnamo tarehe 27 mwezi wa sita mwaka huohuo, shemeji alikuwa anarudi kutoka shuleni, gari likiwa tupu, akamgonga mwendesha baiskeli kwenye mzunguko. Mguu wa yule bwana ulivunjika, na baadaye ukaunga. Shemeji ndiye aliyempeleka hospitali na ndiye aliyekuwa akimtembelea kila Jumapili. Askari waliopima ajali walichukua namba ya stika wakaiandika. Madai ya yule bwana yakapelekwa bima, yakalala huko zaidi ya mwaka.

Mnamo tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka huu shemeji alipata barua ya kampuni ya bima. Ilisema kampuni imebadilisha mfumo wa kompyuta na kumbukumbu za mwaka ule hazimo. Ikamtaka athibitishe kwamba siku ya ajali gari lake lilikuwa na bima. Akishindwa, atahesabiwa kuwa aliendesha bila bima. Shemeji alinisomea barua hiyo karakana, akaikunja vizuri. Akasema, "Wao ndio walionipa bima, halafu wananiuliza mimi kama walinipa?"

Naomba iandikwe kwamba shemeji amebeba watoto wa shule miaka kumi na minne. Kibali cha kazi hiyo hapewi mtu mwenye doa. Hana kazi nyingine anayoijua, na wala haitaki.

Aliniomba nimsindikize, akisema penye wengi hapaharibiki neno. Mnamo tarehe 15 mwezi wa kwanza, saa tatu asubuhi, tulikuwa kwenye dirisha la nne la kampuni. Karani alitafuta kwenye kompyuta kwa jina, kisha kwa namba ya gari, akatuambia, "Baba, kwa mwaka huo mfumo hauoni kitu. Mtafuteni wakala wenu." Tulikwenda kwa wakala. Ofisi yake imekuwa saluni ya kusuka nywele. Msusi akatuambia yule bwana amehama, ameacha kiti kimoja tu, na hicho alikuwa amekikalia mteja, kichwa nusu kimesukwa.

Mnamo tarehe 22 tulirudi bima. Karani yuleyule alituambia tulete barua ya polisi yenye maelezo ya bima ya siku ya ajali. Tukaja hapahapa kituoni, saa sita kasoro robo. Afande wa kaunta alituambia polisi huandika kwa kufuata barua ya bima. Tukarudi bima, wakasema wao hufuata barua ya polisi. Tulipigwa danadana mpaka saa tisa, na shemeji hakupandisha sauti hata mara moja. Alikuwa anatazama saa tu, asichelewe kuchukua watoto.

Mnamo tarehe 29 jioni nilikuwa nyumbani kwao. Dada alikuwa amemwaga makaratasi yote ya nyumba juu ya mkeka, anatafuta risiti ya bima ya mwaka juzi. Kulikuwa na kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana ndevu. Risiti haikuwepo. Ndipo mimi nikasema, "Shemeji, si unayo stika yenyewe?" Kila mwaka stika yake ikiisha muda huibandua kama nilivyomfundisha, akaibandika kwenye daftari. Aliinuka palepale akaleta daftari, na kweli ya mwaka juzi ilikuwepo. Dada akasema, "Kumbe mdogo wangu una akili, unazificha tu." Siku hiyo nilikula vizuri.

Naomba liandikwe kwamba wazo la kupeleka stika ile bima lilikuwa langu.

Mnamo tarehe 11 mwezi wa pili, saa nne na dakika ishirini asubuhi, tuliingizwa ofisini kwa meneja. Ni chumba kidogo, kina pangaboi na dirisha moja la upande wa barabara. Shemeji alivaa shati lake la mikutano ya wazazi. Alimpa meneja daftari kwa mikono miwili. Meneja alitoka nalo, akakaa dakika ishirini na tano, akarudi na mlinzi nyuma yake.

Alisema, "Stika hii ni halali, tumeipata namba yake kwenye kitabu cha zamani. Lakini ilitolewa kwa gari la mama mmoja mwenye duka la dawa. Siyo lako." Kisha akaiinua dirishani. "Na namba yako imeandikwa juu ya nyingine. Hii si kalamu ya wakala wetu."

Shemeji alinigeukia. Hakunishuku. Alikuwa anatafuta mwenzake wa kushangaa naye, nami nikashangaa naye.

Wino ule niliujua kabla meneja hajamaliza kusema, na herufi nilizijua. Nilikumbuka kitambaa na nilikumbuka jua. Polisi waliitwa, shemeji akachukuliwa, na jioni dada alimdhamini. Kesho yake kibali chake cha kubeba watoto kilizuiwa.

Afisa ameniuliza kwa nini sikusema siku hiyo. Najibu: ofisini nilijiambia nitasema tukitoka nje. Nje nikajiambia nitasema nyumbani, mbele ya dada. Nyumbani kulikuwa na watu, nikajiambia kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine. Nilinyamaza siku kumi na tisa, na kila siku iliyopita ilikuwa na aibu yake na ya jana. Niliogopa kufungwa, lakini niliogopa zaidi jina langu. Nani atamletea gari fundi aliyemtia shemeji yake matatani? Nina aibu. Nimemwomba afisa aliandike neno hilo kama nilivyolisema, na ameliandika.

Mnamo tarehe 2 mwezi huu, saa moja na nusu asubuhi, dada alikuja karakana. Hakuketi. Aliniambia shemeji bado anaamka saa kumi na moja alfajiri kama zamani, anaosha gari, anafuta viti vyote vinane, kisha anaingia ndani anakaa. Akaniambia mama mmoja, ambaye watoto wake watatu wamekulia kwenye gari lile, alimpita njiani akavuka upande wa pili. Halafu akasema, "Leo mchana anakwenda kumshtaki wakala. Anasema ndiye aliyemuuzia stika ya mtu."

Nikasema, "Wakala hana kosa."

"Umejuaje?"

"Najua tu, dada."

Dada ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Uongo wangu huujua kabla sijaumaliza. Alinitazama, akaangalia meza yangu ya kazi, akasema, "Basi nitamwambia asubiri." Akaondoka.

Saa nne na nusu siku hiyohiyo nilikwenda duka la dawa. Mama Dawa alikuwa anahesabu chupa za dawa ya kikohozi. Nilimweleza yote, na huyo ndiye mtu wa kwanza niliyemweleza. Gari lake lilikuwa mbele ya duka. Yeye hana tabia ya kubandua. Hubandika mpya juu ya kuukuu, na kwenye kona ya kioo kulikuwa na rundo nene. Nilimwomba ruhusa, akaniletea maji ya moto mwenyewe. Nilitoa ya mwaka huu, nikatoa ya mwaka jana, na chini kabisa ilikuwepo ya mwaka juzi. Juu yake kulikuwa na namba ya gari la Mama Dawa kwa mwandiko wangu. Nilipoiinamisha juani, chini ya wino wangu ulionekana ule wa wakala, tarakimu mbili za mwisho na herufi moja. Ni za gari la shemeji.

Mama Dawa alivaa miwani akaangalia. Akasema, "Kwa hiyo mwaka mzima nimetembea na bima ya mwanamume nisiyemjua, na mume wangu hana habari." Akacheka peke yake. Alipoona sicheki akaacha. Akaandika karatasi kwamba stika imetolewa kwenye gari lake mbele ya macho yake, akatia sahihi na muhuri wa duka. Akanipa bahasha ya dawa niiweke stika ndani.

Mnamo tarehe 4, yaani jana, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, nilikwenda bima peke yangu. Sikupita dirisha la nne. Nilikwenda chini kwenye stoo ya majalada, ambako yupo mzee mmoja mtunza majalada. Nilimsalimu shikamoo, nikampa namba ya stika. Hakugusa kompyuta. Aliniambia majalada ya zamani yamepangwa kwa namba za stika, si kwa majina ya watu wala kwa namba za magari. Ukiwa na namba isiyo yako hutajipata milele. Aliingia kati ya makabati, na baada ya dakika tisa alirudi na fomu. Jina la shemeji lilikuwepo, na namba ya gari lake, na sahihi ya wakala. Bima ilianza tarehe 6 mwezi wa kwanza mwaka juzi, ya miezi kumi na miwili. Siku ya ajali ilikuwa hai.

Mzee akasema, "Mwanangu, karatasi hii haijaondoka hapa hata siku moja. Hakuna aliyeshuka kuiuliza."

Nilipanda nayo kwa meneja. Aliisoma mara mbili na hakukataa kwamba ni yao. Nikamwomba barua ya uthibitisho. Akanijibu kwa utaratibu kabisa kwamba hawezi kuitoa, kwa kuwa ataulizwa namba ya kweli ilikaaje kwenye gari la mtu mwingine, na nani aliandika juu ya stika zote mbili. Akasema, "Anayejua akaandikishe maelezo polisi. Nikipata nakala, barua yenu natia sahihi siku hiyohiyo." Aliposema anayejua alikuwa ananitazama mikono, ambayo ilikuwa na wino.

Leo asubuhi saa kumi na mbili na nusu nilikwenda kwa dada. Alikuwa anapiga pasi shati la shemeji la kuvaa mahakamani tarehe 12. Nilimweleza nikiwa nimesimama mlangoni. Hakukatiza, na hakuacha kupiga pasi mpaka alipomaliza mkono wa pili na kola. Kisha akachomoa waya ukutani. Akasema, "Nenda kaseme. Usipunguze. Wala usijiongezee ili tukuhurumie."

Nikamuuliza, "Utamwambia wewe?"

Akasema, "Stika niliandika mimi?"

Shemeji alikuwa uani anafuta gari. Nilipita nyuma yake. Akaniambia, "Shemeji, mbona mapema hivyo?" Nikamjibu nina kazi mjini. Hilo nalo halikuwa kweli, na nalisema hapa kwa kuwa nimeambiwa nisipunguze.

Afisa ameniuliza kama kuna mtu amenishawishi au kunitisha ili nijitwishe kosa hili. Najibu: hakuna. Nimekabidhi stika moja ndani ya bahasha, karatasi ya Mama Dawa, na kalamu yangu nyeusi ili wino ulinganishwe. Niko tayari kuandika herufi zilezile hapa mbele ya afisa, na nimeziandika kwenye karatasi iliyoambatishwa. Shemeji hakujua lolote, wakala hakuuza stika ya mtu, na Mama Dawa alikuwa mteja tu. Mikono iliyofanya ni hii yangu.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimesomewa yote neno kwa neno, nikaomba kurekebishwa mahali pamoja tu: palipoandikwa "nilichelewa kusema" paandikwe "nilinyamaza". Pamerekebishwa.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)
Tarehe 5 mwezi wa tatu, saa saba na dakika tano mchana

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi, mpelelezi wa jalada, kama shahidi alivyoyatamka, bila kumwongoza. Vielelezo vitatu nimevipokea na kuviwekea alama. Nakala moja nimeituma kampuni ya bima kwa mkono wa askari saa saba na robo. Nimemweleza shahidi kwamba kwa maneno yake mwenyewe anaweza kuondolewa kwenye orodha ya mashahidi na kufunguliwa jalada lake. Alijibu kwamba ameelewa.

Alipokuwa anataka kuondoka aliangalia nje kupitia dirisha la kaunta. Mshtakiwa alikuwa ameketi kwenye benchi la barazani, peke yake. Askari wa zamu alisema alifika saa tano na nusu, akasema mkewe amemwelekeza hapa, akauliza kama shemeji yake yupo ndani, akaambiwa yupo, akasema atasubiri. Shahidi aliniomba nimtoe kwa mlango wa nyuma.

Nilimjibu kwamba kituo hiki kina mlango mmoja. Alikaa tena kwenye kiti dakika kama nne. Kisha akasimama, akanishukuru, akatoka.